Glasi za juisi ya miwa, dhiraa, na kile ambacho 0.80 inasema

Fomula ya koreleshoni, yaani kipimo cha vitu viwili vinaendana kiasi gani, niliimeza nikiwa mwaka wa pili chuo, nikaingia nayo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri tu, na nilikuwa sielewi kitu. Yaani ungeniamsha saa nane za usiku ukaniambia andika ningeandika yote, ile alama kubwa ya kujumlisha, kipeuo cha pili pale chini, kila herufi mahali pake, lakini ungeniuliza swali moja dogo tu, kwanini pale juu wanazidisha, kwanini wasijumlishe, ningebaki nakuangalia. Nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye, Morogoro, nimekaa kwenye stuli ya plastiki pembeni ya mashine ya kukamulia miwa ya mama mdogo, na daftari lake nimelipakata. Naandika hapa kwasababu najua tuko wengi tuliopita njia hiyohiyo, na kwasababu hii hesabu ikishakukaa kichwani huwezi tena kusikia mtu anasema "vitu hivi vinaendana" ukakubali hivihivi.

Mama mdogo anauza juisi karibu na stendi ya mabasi ya Msamvu, miwa na tangawizi na ndimu, na ana tabia ambayo wafanyabiashara wengi hawana, kila jioni anaandika glasi alizouza. Siku hiyo nimemwamkia, amenijazia glasi, nikamuuliza biashara vipi, akanijibu "Mwanangu, jua likiwaka tunakula, likijificha tunalala na miwa yetu." Nikasema haya, hilo ni jambo linalopimika. Wiki iliyofuata kila saa nane mchana mdogo wangu alikuwa anaangalia joto kwenye simu anamwandikia pembeni. Jumatatu digrii 28, glasi 40. Jumanne 31, glasi 60. Jumatano 30, glasi 62, siku hiyo kulikuwa na mechi ya shule uwanja wa jirani. Alhamisi 33, glasi 52 tu, maana kulikuwa na msiba mtaani na watu wengi walienda kuzika. Ijumaa 29, glasi 46. Jumamosi 35, glasi 76.

Wastani wa joto ni 31. Wastani wa glasi ni 56. Sasa hapa ndo pa kutulia, maana kila kitu kinaanzia kwenye hizi wastani mbili.

Chora grafu kwenye karatasi, joto liende kulia, glasi ziende juu, weka nukta sita. Alafu piga mstari wa wima unaopita kwenye 31, na mstari wa kulala unaopita kwenye 56. Karatasi imegawanyika vyumba vinne. Chumba cha juu kulia kuna siku ambazo joto lilizidi wastani na mauzo yakazidi wastani. Chumba cha chini kushoto kuna siku ambazo vyote viwili vilikuwa chini. Wakazi wa vyumba hivi viwili wanakubaliana na mama mdogo. Vyumba viwili vilivyobaki ni vya wapinzani, joto juu mauzo chini, au joto chini mauzo juu. Ukijiuliza kama jua na mauzo vinaendana, kwa kweli unauliza wakazi wengi wako vyumba gani, na wamekaa mbali kiasi gani na ile njia panda ya katikati.

Na hapo ndo kuzidisha kunaingia. Chukua Jumamosi, joto lilizidi wastani kwa 4, glasi zilizidi kwa 20, 4 mara 20 ni 80. Chukua Jumatatu, joto lilikuwa pungufu 3, glasi pungufu 16, yaani hasi 3 mara hasi 16, ambayo ni chanya 48. Ile hasi mara hasi ni chanya tuliyoiimba shuleni bila kuambiwa itatusaidia wapi, kazi yake ni hii, siku iliyokuwa chini kwa vyote viwili nayo ni ushahidi wa kuendana sawa na siku iliyokuwa juu kwa vyote viwili. Alhamisi ya msiba, joto lilizidi 2, glasi zilipungua 4, jibu ni hasi 8, mpinzani. Jumatano ya mechi, hasi 1 mara 6, hasi 6, mpinzani mwingine. Ijumaa hasi 2 mara hasi 10, chanya 20. Jumanne joto lilikuwa palepale kwenye wastani, 0 mara 4, sifuri, Jumanne haina la kusema.

Ungejumlisha badala ya kuzidisha ungepoteza kila kitu, Jumatatu ingekupa hasi 19 na Jumamosi chanya 24, zinapigana wakati zote zinasema jambo moja. Kuzidisha kunauliza tu mko upande mmoja au la, alafu kunampa sauti kubwa zaidi aliye mbali zaidi na katikati. Unaweza hata kuichora, kila siku ni kiwanja cha mstatili kuanzia njia panda mpaka kwenye nukta yake, kiwanja cha Jumamosi ni 4 kwa 20. Viwanja vya wanaokubali unaongeza, vya wapinzani unatoa.

Jumla ni 48 na 20 na 80 na 0, toa 6, toa 8, inabaki 134. Gawanya kwa 5 (siku ni sita lakini wastani wenyewe tumeutoa kwenye siku hizohizo kwahiyo tunapunguza moja), unapata 26.8. Hiyo ndo kovariansi. Basi. Ni wastani wa viwanja.

Tatizo, 26.8 ya nini? Ya digrii-glasi, kipimo ambacho hakipo duniani. Na kibaya zaidi, glasi moja ni shilingi 1,000, kwahiyo ningeandika mauzo kwa shilingi badala ya glasi kovariansi ingekuwa 26,800. Jua lilelile, miwa ileile, namba imeruka mara elfu. Kwahiyo kovariansi ukiitazama peke yake inakuambia upande tu, chanya au hasi, haikuambii nguvu.

Ila msiidharau, maana kuna sehemu inafanya kazi ambayo koreleshoni peke yake haiwezi. Jirani wa mama mdogo anauza supu na chapati, na yeye siku za wingu ndo anajaza watu. Tuseme hawa wawili wanachanga kapu moja, kutikisika kwa kapu hilo kutoka siku hadi siku ni kutikisika kwa huyu, kuongeza kwa yule, kuongeza mara mbili ya kovariansi yao, na kovariansi yao ikiwa hasi kapu linatulia. Mchumi Harry Markowitz aliiandika hesabu hiyo mwaka 1952 kwa ajili ya watu wenye hisa na 1990 akapewa Nobel ya uchumi. Supu na juisi ni mfano uleule.

Turudi kwenye nguvu. Dawa ni kumpima kila mmoja kwa fimbo yake mwenyewe. Joto la wiki ile lilitawanyika kwa kawaida digrii 2.61 kutoka kwenye wastani, glasi zilitawanyika 12.84 (hiki ndo wanachoita stendadi divieshoni). Zidisha hizo mbili unapata karibu 33.5, alafu gawa 26.8 kwa hiyo 33.5. Digrii zinakatana na digrii, glasi na glasi, inabaki namba tupu, 0.80. Geuza glasi ziwe shilingi, ziwe lita, bado 0.80. Na haiwezi kuvuka 1 wala kushuka chini ya hasi 1, kwasababu hakuna vitu viwili vinavyoweza kuendana kuliko kitu kinavyoendana na chenyewe.

Hii 0.80 ilinisisimua kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1888 huko London bwana mmoja anaitwa Francis Galton alipeleka makala Royal Society, chama cha wanasayansi wa huko, ndo mara ya kwanza koreleshoni inapimwa kwa namna tunayoijua. Alikuwa na kituo South Kensington ambapo watu walikuja kupimwa urefu, macho, nguvu za mkono. Akachukua vipimo vya wanaume 350, urefu wa mwili, na urefu kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kipimo hicho sisi tunakijua. Ni dhiraa! Bibi yangu alikuwa anasimulia enzi za vitambaa kupimwa kwa mkono dukani, kwamba mnunuzi mwerevu humtafuta muuzaji mrefu, kwasababu mtu mrefu dhiraa yake ndefu, unaondoka na kitambaa kingi kwa bei ileile. Bibi hakusoma hata darasa moja lakini hiyo ni koreleshoni, na Galton alipoipima urefu na dhiraa alipata 0.8.

Na ona bibi alivyokuwa makini, hakusema kila mrefu ana dhiraa ndefu, alisema mtafute mrefu. Kwenye 0.8 kuna warefu wenye mikono mifupi, wapo, ila ukichagua kwa urefu utapatia mara nyingi kuliko kukosea.

Kilichomsumbua Galton ni kwamba akitumia urefu kukisia dhiraa anapata mteremko mmoja (yaani mstari umeinama kiasi gani), akitumia dhiraa kukisia urefu anapata mteremko mwingine, inakuwaje uhusiano mmoja uwe na namba mbili? Mpaka alipompima kila mmoja kwa mtawanyiko wake ndo namba mbili zikawa moja. Ni ileile fimbo niliyosema hapo juu. Fomula tunayoimeza chuo ilikuja kuwekwa sawa na Karl Pearson mwaka 1896. Na lazima niseme hili, Galton ndiye aliyebuni neno la yujeniki mwaka 1883, wazo la kwamba binadamu wachaguliwe wa kuzaa kama mifugo, Pearson akalifuata, na vizazi vya watu viliumizwa kwa wazo hilo duniani. Hesabu yao naitumia kila siku, imani yao naikataa kabisa.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana nilipomaliza kupiga hesabu nilikaribia kumtangazia mama mdogo kwamba jua ndo kila kitu, alafu nikaangalia tena ile jumla ya 134. Kati ya hizo 80 ni za Jumamosi peke yake. Nikaifuta Jumamosi nikapiga upya kwa siku tano zilizobaki, wastani mpya, tofauti mpya, kila kitu, ikatoka 0.53. Kufuta siku moja tu kumeshusha namba kutoka 0.80 mpaka 0.53! Na Jumamosi hiyo ilikuwa na joto kali, sawa, lakini pia ni Jumamosi, stendi inafurika, watu wanasafiri kwenda harusini na kwenye vikao vya ukoo. Je waliokunywa zile glasi 76 waliletwa na jua au na mabasi? Daftari la wiki moja haliwezi kujibu. Ingebidi tuwe na Jumamosi za baridi na Jumatatu za joto kali tuzilinganishe. Ndo maana nawasihi mnaofanya kazi za takwimu, kabla ya kutoa namba chora kwanza nukta. Mtakwimu Francis Anscombe mwaka 1973 alitengeneza seti nne za namba, kila moja ina nukta 11, zote zina wastani sawa na koreleshoni ileile ya 0.816, lakini ukizichora moja ni mstari wenye mtawanyiko wa kawaida, moja imejikunja kama upinde, moja ni mstari mnyoofu wenye nukta moja iliyotoroka, na ya mwisho imesimama wima yote isipokuwa nukta moja iliyokaa mbali, na hiyo moja ndo inayobeba koreleshoni nzima. Kama Jumamosi yetu.

Upande wa pili, sifuri nayo inadanganya. Chukulia shamba la mahindi, mfano wa kutunga tu. Mvua ya milimita 200 unapata magunia 2, mvua 300 magunia 8, mvua 400 magunia 10, mvua 500 magunia 8, mvua 600 magunia 2 maana maji yametuama mizizi imeoza. Wastani wa mvua 400, wastani wa magunia 6. Piga viwanja vyako, hasi 200 mara hasi 4 ni 800, hasi 100 mara 2 ni hasi 200, sifuri, chanya 200, hasi 800. Jumla sifuri kamili. Mtu akisoma ripoti anaambiwa mvua na mahindi havina koreleshoni, na kila mkulima anajua mvua ndo mahindi. Koreleshoni inaona mstari ulionyooka tu. Upinde haiuoni, wapinzani na wanaokubali wamefutana. Kwahiyo mtu akikuambia ni sifuri, jibu lake ni hakuna mstari mnyoofu, hajasema hakuna uhusiano.

Kuna kosa moja ambalo mimi nimelifanya na bado linanikaa moyoni. Nilikuwa kwenye mradi mmoja wa kilimo, nikalinganisha idadi ya wakulima waliosajiliwa kwenye huduma ya meseji za simu na tani walizouza kupitia vyama vyao, mwaka kwa mwaka, miaka minane. Ikatoka zaidi ya 0.9. Bosi akafurahi, ikaingia kwenye ripoti kwa maandishi mazito, na bajeti ya mwaka uliofuata ikasogezwa kwenye meseji ikipunguzwa kwa mabwana shamba. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza, kwamba miaka ile simu zilikuwa zinaongezeka kila mwaka, na vyama vilikuwa vinakua kila mwaka, na vitu viwili vinavyopanda kila mwaka kwa kawaida vinakaa vyumba vya kukubaliana, miaka ya mwanzo vyote chini ya wastani, miaka ya mwisho vyote juu. Ningeweka idadi ya bodaboda nchini ningepata vilevile. Baadaye sana nilizitoa zile data nikalinganisha mabadiliko, yaani mwaka ambao usajili uliongezeka kwa kasi kuliko kawaida, je na mauzo yaliongezeka kwa kasi? Koreleshoni ikaanguka karibu na sifuri. Kuna vijiji vilikosa bwana shamba kwa ile namba yangu.

Na hili lilishajulikana zamani. Mtakwimu George Udny Yule mwaka 1926 alionyesha kwamba Uingereza, kuanzia 1866 hadi 1911, asilimia ya ndoa zilizofungwa kwenye Kanisa la Anglikana na kiwango cha vifo vilikuwa na koreleshoni ya 0.95. Zote zilikuwa zinashuka taratibu miaka yote hiyo, kila moja kwa sababu zake. Hakuna anayeamini kuoana msikitini au bomani kunarefusha maisha. Ningesoma ukurasa mmoja wa Yule kabla ya ile ripoti.

Msije mkadhani basi nasema koreleshoni haifai, maana kuna moja ambayo inatugusa sisi kila mwaka. Mwaka 1904 mwanahisabati Gilbert Walker alikabidhiwa idara ya hali ya hewa ya India, miaka michache tu baada ya monsuni, zile pepo zinazoleta mvua, kugoma na njaa kuua watu wengi mno. Hakuwa na nadharia nzuri ya kwanini mvua inagoma, kompyuta hazipo, akakusanya vipimo kutoka vituo vya dunia nzima na makarani wakawa wanapiga koreleshoni kwa mkono, mgandamizo wa hewa wa huku na mvua ya kule, miaka na miaka. Miaka ya 1920 akatangaza kwamba hewa ya Pasifiki na hewa ya Bahari ya Hindi zinapanda na kushuka kama bembea, huku ikipanda kule inashuka. Nusu ya habari ya El Niño tunayoisikia leo kila msimu ilianza hivyo, koreleshoni hasi kwenye daftari. Na Walker mwenyewe alionya, ukipiga koreleshoni mamia, ile kubwa kuliko zote itakuwa kubwa hata kama ni bahati tu, kwahiyo usiihukumu kama vile uliipiga peke yake.

Kwetu huku kuna bembea nyingine ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe, wanasayansi waliipa jina mwaka 1999. Miaka ambayo maji ya upande wetu wa magharibi yanapata joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra, kule Indonesia, yanapoa, vuli yetu huwa nzito. Ilikuwa hivyo 1997, ikawa hivyo tena 2019, madaraja yakasombwa. Kwahiyo wanapotangaza utabiri wa vuli wakakuambia habari za joto la bahari, wanatumia kuendana huku huku tunakozungumzia. Kwa masika huko kuendana ni dhaifu, na ndo maana masika ni ngumu zaidi kutabirika mapema. Bahari ileile, pwani ileile, msimu tofauti, namba tofauti.

Mama mdogo alisikiliza yote haya huku anakamua, alafu akaniuliza swali ambalo ndo la mfanyabiashara hasa. "Sasa hiyo sifuri nukta nane mimi nitanunulia miwa? Niambie jua likiongezeka digrii moja nitauza glasi ngapi zaidi." Na yuko sahihi, 0.80 haijibu hilo, inasema nukta zimeushikilia mstari kwa nguvu gani, haisemi mstari umeinama kiasi gani. Ila viwanja ni vilevile. Chukua ile 134, gawa kwa jumla ya viwanja vya joto peke yake, 9 na 4 na 1 na 0 na 4 na 16, ambayo ni 34. Inatoka karibu 3.9. Digrii moja, glasi nne kasoro kidogo. Nikamwambia mama hii ni wiki moja tu, usiiamini sana, na Jumamosi imeivuta.

Akasema sawa, kesho Jumatatu simu inasema 34. Digrii tatu juu ya wastani, glasi kumi na mbili juu ya 56, tukakubaliana 68, akaagiza miwa ya glasi 68. Jumatatu jioni akanipigia, ameuza 61, na tayari ameshafungua safu mpya kwenye daftari, ameiandika "mabasi".